Nilichagua WAZI Ili Nifiche

Sehemu ya Nne

Kitendawili, wasomaji wangu. Mkisema tega, natega: nimemtuma mtumishi asiye na masikio wala haya, akafikisha neno langu kila chumba kabla sijainua kidole.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Jibu ni barua pepe. Na huo mji mlionipa, mkubwa namna gani, hautanitosha kujificha.

Kwa aliyekuwa safarini wiki tatu hizi, nimshike mkono kidogo. Mimi ni karani wa masijala katika ofisi ya maji. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini miaka ishirini na sita nimepokea barua, nimesajili barua, nimepiga mihuri ya barua, hadi watu wakasahau jina langu. Wananiita Bi Mihuri.

Mwaka huu ofisi ikaleta sheria mpya. Hakuna barua pepe itakayotoka bila mtumaji kuichagulia daraja. Ukibonyeza Tuma, kidirisha kinachomoza na kukuuliza: WAZI, NDANI au SIRI? Usipojibu, haiendi. Ya SIRI hufunguliwa na mwandikiwa peke yake. Ya NDANI husomwa na wafanyakazi. Ya WAZI huenda kwa wote, na hutokea kwenye ile televisheni kubwa ya mapokezi, wanakosubiri wateja.

Aliyeufunga mfumo huo kwenye kompyuta na kutufundisha ni mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pekee. Siku ya mafunzo aliniuliza mbele za watu, "Mama, una swali?" Nikamjibu, "Sina, mwanangu. Mimi nilikuwa nafunga siri wakati wewe unafungwa nepi." Ukumbi mzima ukacheka. Baada ya kicheko kile sikusikiliza tena hata neno moja.

Wiki mbili baadaye akanijia Dereva wa lori la maji. Jicho lake la kulia linaingia ukungu, daktari amemwambia halitapona. Hata mkewe hakuwa amemwambia. Alitaka kumwomba Afisa Utumishi amhamishie nyumba ya pampu, kimyakimya, kabla hajagonga mtu. Kupiga taipu hajui, na herufi za kwenye kioo cha kompyuta hazioni. Akanipa neno lake la siri nimwandikie kwa jina lake, jambo ambalo kanuni zinasema ni la kufukuzwa kazi.

"Weka siri, Mama," akaniambia.

"Niachie mimi," nikamjibu.

Nikachagua WAZI.

Barua ikatokea kwenye televisheni ya mapokezi. Na kwenye foleni alikuwepo mke wa Dereva, amekuja kulalamikia bomba lao lisilotoa maji.

Wengi mmeniandikia mkiuliza: Bibi, kwa nini WAZI? Leo nitasema. Lakini nipeni nafasi nianze na asubuhi ya kikao cha kumtafuta mkosaji, maana ukweli wangu una mguu mbovu, hautembei haraka.

*

Jumatano asubuhi nilimkuta mkwe wangu sebuleni, anapiga pasi gauni lake la kijivu. Mwanangu anafanya kazi mbali, hurudi mwisho wa mwezi. Nyumbani tuko watatu: mimi, mkwe wangu, na mjukuu wangu wa miaka sita.

"Umelala, mwanangu?"

"Nimelala, Mama. Macho ndiyo hayakulala."

Mjukuu akanirukia mapajani, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. "Bibi, kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango!"

"Yai."

"Kwa nini halina mlango?"

Miaka yote nimetega na kuteguliwa hicho kitendawili, sijawahi kuulizwa kwa nini. "Kwa sababu yai halifunguliwi, mjukuu wangu. Linavunjwa."

"Na likivunjwa, linarudi?"

Pasi ikasimama juu ya gauni. Mkwe wangu akaiondoa upesi, ikaacha alama ndogo ya manjano kwenye mkono wa nguo.

"Leo ni mimi au yeye," akasema. "Mfumo unaonyesha Dereva mwenyewe ndiye aliyechagua WAZI. Yeye anaapa alichagua SIRI. Mmoja wetu ni mwongo, na mimi bado niko kwenye majaribio ya kazi."

"Mungu yupo."

"Yupo, Mama, lakini hajaitwa kutoa ushahidi. Mimi namtafuta mtu aliyeona." Akanigeukia. "Siku ile Dereva hakupita masijala?"

Chai ikanipalia. Nikakohoa muda mrefu kuliko chai ilivyotaka.

"Masijala hupita watu wengi," nikasema.

Huo haukuwa uongo. Ulikuwa bahasha iliyofungwa vizuri, ndani hamna barua.

Akaniangalia kidogo, akarudi kwenye pasi yake. Nikatoka kabla mjukuu hajatega kingine.

*

Dereva alikuwa ananisubiri mlangoni pa masijala, bila sare. Walikuwa wamemsimamisha kazi tangu barua ile. Nilipopita getini nilimwona mlinzi akimwonyesha mwenzake jinsi alivyomsalimu asubuhi: kwa kufumba jicho moja. Wakacheka, wakaniamkia kwa adabu zote. Shikamoo Bi Mihuri. Nikaitikia.

"Mama, usiwe na wasiwasi," Dereva akaninong'oneza. "Sitakutaja."

"Mwanangu..."

"Nikikutaja tunaondoka wote wawili, mimi kwa kutoa neno la siri, wewe kwa kulipokea. Nitasema niliandika mwenyewe, nikachagua SIRI, mashine ikanigeuka."

"Mkeo je?"

"Yuko kwa dada yake." Alisugua lile jicho kwa kiganja. "Anasema jicho angelisamehe. Asichosamehe ni kusoma habari za mumewe pamoja na watu wa foleni. Tena kuna mama mmoja alikuwa anawasomea kwa sauti wale wa nyuma."

Nikashika kitasa cha mlango.

"Sikiliza, mwanangu. Siku ile mimi..."

"Siku ile ulinisaidia, Mama. Aliyenichinja ni mashine ya yule binti."

"Yule ni mkwe wangu."

"Najua. Nisamehe. Lakini ndivyo ilivyo."

Neno lilishafika menoni, naapa kwenu. Lilikuwa limeshashika kiatu mkononi tayari kutoka. Ndipo akatokea Afisa Utumishi. Huyo sisi tunamwita Bwana Kanuni, kwa kuwa hata akipiga chafya husema ni kwa mujibu wa kanuni.

"Bi Mihuri! Kumbe uko hapa. Mjumbe mmoja wa kikao anaumwa. Utakaa wewe."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Miaka ishirini na sita, masijala haijavuja hata tone, na hii ni ofisi ya maji!" Akacheka peke yake. "Picha yako imesharudi, ina fremu. Siku unastaafu tunaitundika mapokezi. Chini tumeandika Mtumishi Mwaminifu."

Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu.

Dereva akanikonyeza kwa lile jicho zima, kwamba afadhali, walau ndani kutakuwa na mtu wake.

Fisi akakabidhiwa bucha, na mwenye mbuzi anashukuru.

*

Chumba cha mikutano kina meza ndefu na saa iliyosimama tangu mwaka juzi. Upande mmoja tuliketi Bwana Kanuni, mimi, na mkuu wa mafundi bomba ambaye husinzia hata akiwa amesimama. Upande wa pili waliketi Dereva na mkwe wangu, kiti kitupu katikati yao.

Bwana Kanuni akaanza. "Dereva. Barua hii uliandika mwenyewe?"

"Niliandika mwenyewe."

"Neno lako la siri umewahi kumpa mtu?"

"Sijawahi."

"Ulichagua daraja gani?"

"SIRI."

"Mfumo unasema WAZI."

"Basi mfumo ni mwongo."

Mkwe wangu akainua mkono. "Mzee, mfumo hauna sababu ya kusema uongo. Hauna mke, hauna jirani."

"Na mimi nina sababu gani?" Dereva akamgeukia. "Nijianike mwenyewe? Nimtangazie mke wangu kwenye televisheni? Wewe binti, unaona mtu mwenye akili anaweza kufanya hivyo?"

Hapo mkwe wangu alipigwa, na alijua amepigwa. Hakuna mtu mwenye akili angefanya hivyo. Kumbe yuko mmoja, amekaa upande wa mahakimu, amefumbata mikono kama mwali.

"Nina ombi," mkwe wangu akasema mwisho. "Aketi kwenye kompyuta hapa mbele yetu, aandike mistari miwili, aitume. Tuone mkono wake unachagua nini."

Dereva akakunja ngumi chini ya meza. Mimi nilizijua zile ngumi. Zinazungusha usukani wa lori kwenye kichochoro ambacho punda hawezi kugeukia, lakini herufi A hazijui ilipo.

Nikasema, "Bwana Mwenyekiti, mtu mwenye jicho bovu kumlazimisha asome kioo mbele za watu ni kumdhalilisha."

"Kweli," Bwana Kanuni akasema. "Ombi limekataliwa."

Dereva akanitazama kwa shukrani. Nikatazama saa iliyosimama.

"Basi naomba niione barua yenyewe," mkwe wangu akasema. "Mimi nimeona rekodi tu. Barua sikuisoma. Ilikuwa ya mtu, haikunihusu."

Jamani. Katika ofisi nzima, na foleni nzima, mtu mmoja tu ndiye hakuwa ameisoma, na huyo ndiye aliyeshtakiwa kwa kuivujisha.

Bwana Kanuni akamsukumia karatasi.

Akasoma. Nilimwona akisoma mstari wa kwanza, akarudi juu. Akasoma tena polepole, kidole kikifuata nafasi kati ya sentensi na sentensi.

Mnajua, mimi nilifundishwa kuandika kwa taipureta ya chuma. Mwalimu wetu alitutandika vidole ili baada ya kila nukta tuache nafasi mbili. Mbili, si moja. Nimeziacha mpaka leo. Barua zangu zote huanza YAH, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari, na mstari wa kwanza husema, Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Huishia, Naomba kuwasilisha. Ofisi nzima hakuna mwingine anayeandika hivyo. Hata orodha ya sokoni pale nyumbani huiandika hivyo, na mkwe wangu huibandika kwenye friji na kucheka.

Akainua uso. Hakumtazama Dereva.

Akanitazama mimi.

Kwa muda wa kumeza mate mara moja, tulikuwa watu wawili tu mle chumbani. Nikasubiri aseme. Nilitaka aseme! Nilitaka mtu mwingine anivunjie lile yai.

Akaiweka karatasi mezani, akainyoosha.

"Mzee," akamwambia Bwana Kanuni, "nimeona. Ni kosa la mfumo."

"Unasemaje?"

"Dereva alichagua SIRI. Mfumo ukaandika WAZI. Niliufunga vibaya. Kosa ni langu."

Mkuu wa mafundi bomba akaamka. Dereva akaachama. Mimi nikafungua kinywa, na wallahi hakikutoka kitu, hata pumzi.

"Asubuhi uliapa mfumo ni mzima," Bwana Kanuni akasema.

"Asubuhi sikuwa nimeiona barua."

"Unajua maana yake? Mtu wa majaribio, kosa la namna hii?"

"Najua."

Bwana Kanuni akafunga faili. "Kanuni ni kanuni. Mwisho wako ni Ijumaa. Dereva, nifuate ofisini. Bi Mihuri, utaandika barua ya kumwachisha kazi huyu binti, uitume kabla ya saa nane."

Akasimama, akakumbuka kitu. "Samahani, ni mkwe wako. Lakini wewe nakujua, huchanganyi kazi na nyumba."

*

Nilimkuta masijala, ameketi kwenye kigoda changu kati ya kabati za mafaili. Alikuwa ameishika mihuri yangu mitatu ya mpira, ile ya zamani, anaipanga na kuipangua.

Nikafunga mlango.

"Mwanangu, kwa nini umefanya vile?"

"Kwa nini nini, Mama?" Hakuinua kichwa. "Nafasi mbili baada ya nukta. Nilitamani nizikose. Nilisema moyoni, labda Dereva naye alifundishwa taipureta."

"Ungesema tu."

"Niseme nini? Mama mkwe wangu ameandika barua ya siri kwa akaunti ya mtu, akaitangaza? Mtoto wangu akue anajua kwamba mama yake ndiye aliyemfukuzisha bibi yake?" Akapiga muhuri mmoja mezani, bila wino. "Usinishukuru. Sikukuokoa kwa mapenzi. Nimekuokoa kwa uchovu. Miaka saba nakuamkia, nakupikia, nakuuliza kama una swali, unanijibu kwa kicheko cha watu."

Sikuwa na pa kutazama. Masijala haina dirisha.

"Nijibu kitu kimoja," akasema. "Ulifanya makusudi? Ili mfumo wangu uaibike?"

"Hapana!"

Nilisema haraka. Haraka mno.

"Basi kwa nini, Mama? Kidirisha kinauliza kwa Kiswahili. WAZI. NDANI. SIRI. Mtu amekwambia weka siri. Ukachagua WAZI. Kwa nini?"

Basi nikamweleza, na ninyi wasomaji wangu sikilizeni hapohapo, maana sitarudia.

Mwaka wangu wa pili masijala, mama mmoja mfagiaji aliniletea barua kwa mkubwa. Ilikuwa habari ya mimba iliyoharibika. Nikaipiga muhuri mwekundu, SIRI, kwa moyo safi kabisa. Tarishi alipoiona ile rangi akaiinua juani. Aliyempokea akaitia mvuke wa birika. Ilipofika kwa mkubwa, ilikuwa imeshapita jikoni, stoo na gereji. Yule mama aliacha kazi wiki ileile.

Tangu siku hiyo nikajifunza. Barua ya kweli ya siri niliipiga WAZI. Bahasha ya WAZI hutupwa mezani kama ganda la ndizi, hakuna anayeigeuza. Na zile SIRI nilizipiga kwenye ratiba za usafi na maombi ya karatasi, watu wapate cha kuchungulia. Miaka ishirini na nne nimeficha watu hivyo. Talaka zao, maradhi yao, watoto wao wa pembeni. Hakuna hata moja iliyotoka.

"Nilipoona SIRI imeandikwa kwa wekundu kwenye kile kidirisha," nikasema, "nilimwona yule tarishi. Nikamficha Dereva pale ambapo hakuna atakayetazama."

Mkwe wangu akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika kabati, mpaka machozi yakaja, na sijui ni wakati gani kicheko kiligeuka kikawa kilio.

"Mama," akasema akijifuta kwa mkono wa gauni lenye alama ya pasi. "Mama yangu. Mashine haina umbea. Haichungulii. Ukiiambia ifunge, inafunga. Ukiiambia itangaze, inatangaza. Ndiyo kazi yake. Niliieleza siku ya mafunzo, saa nzima."

"Sikusikiliza."

"Najua. Nilikuona."

Akasimama, akaniwekea ile mihuri kiganjani, akatoka. Viatu vyake vikalia koridoni, ko, ko, ko, bila haraka, kama vya mtu asiye na pa kuwahi.

Sasa niwaambie jambo ambalo yeye sikumwambia. Siku ile, Dereva alipoingia mbio kusema barua imetokea televisheni, kabla sijaelewa ni kosa langu, kabla sijakumbuka mkewe wala jicho lake, kuna kitu kitamu kilinipita rohoni. Nikawaza: mashine ya mkwe wangu imeharibika. Huruma ilipofika, ilikuta furaha imeshaketi kwenye kiti.

Kwa hiyo aliponiuliza kama ni makusudi, nilisema hapana. Lakini jibu lilikuwa na mwenzake ndani, na mwenzake nilimficha.

*

Saa saba na nusu nikaketi kwenye kompyuta niandike barua ya kumfukuza.

YAH: KUACHISHWA KAZI. Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nikaacha nafasi mbili. Nikazitazama zile nafasi mbili, tupu, nyeupe, kama mapengo kinywani.

Nikafuta vyote.

YAH: KOSA LANGU. Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Barua ya Dereva niliiandika mimi. Alinipa neno lake la siri kwa kuwa haoni, akaniomba nichague SIRI. Nilichagua WAZI mimi mwenyewe, kwa ujuaji wangu. Mfumo haukukosea. Binti aliyekiri kosa hana kosa. Amejitwika mzigo wa mama mkwe wake. Naomba picha yangu isitundikwe. Naomba kuwasilisha.

Nikaisoma mara mbili. Nikabonyeza Tuma.

Kidirisha kikachomoza. WAZI? NDANI? SIRI?

Safari hii sikuwaza bahasha. Niliwaza hivi: nikichagua SIRI, ataisoma Bwana Kanuni peke yake. Ataisukuma kwenye droo, atasema bibi wa watu amebakiza miezi mitatu, tumwache. Nikichagua NDANI, wataijua wafanyakazi. Lakini aibu ya Dereva ilisomwa na watu wa foleni. Na yangu ipite njia ileile, isimame mbele ya watu walewale, na yule mama mwenye sauti awasomee wa nyuma.

Nikachagua WAZI. Nikabonyeza.

Ting, ikalia kompyuta ya chumba cha jirani. Ting, ya pili. Ting, ting, ting, ikakimbia koridoni chumba kwa chumba mpaka mapokezi. Halafu kimya. Halafu nikasikia kiti kikiburuzwa mahali.

Moyo wangu ulikuwa mwepesi, wasomaji wangu, kama wa mtu aliyetua ndoo kichwani. Ulikaa mwepesi hivyo kwa muda wa pumzi kama kumi.

Mlango ukafunguliwa. Dereva. Uso umemchanua, sijamwona hivyo tangu mwanzo wa mwaka. Mkononi ana karatasi.

"Mama! Nimeipata!"

"Umepata nini?"

"Nyumba ya pampu! Bwana Kanuni amesema kwa kuwa kosa ni la mfumo, ofisi inaniomba radhi. Jumatatu naanza. Nimempigia mke wangu sasa hivi, anarudi leo jioni. Anarudi, Mama!"

Nikaitazama karatasi yake.

"Na hiyo karatasi?"

"Hii?" Akaipunga. "Kiapo tu. Nimetia saini sasa hivi kwamba neno langu la siri sijampa mtu yeyote. Bwana Kanuni anasema ikionekana ni uongo, pampu naisahau, kazi naisahau, na polisi wataniita." Akacheka, akashusha sauti. "Nikasema moyoni, itaonekana na nani? Tunaojua ni mimi na wewe tu."

Sikumuuliza kabla ya kutuma. Mara ya kwanza sikumuuliza, na mara ya pili sikumuuliza. Siri ilikuwa yake, mwamuzi nikawa mimi.

"Huko nje kuna nini?" akaendelea. "Simu za watu zote zinalia, halafu wananikodolea macho. Mlinzi ameacha hata kunikonyeza."

Koridoni vikaanza kusikika viatu vinakuja mbio. Vya Bwana Kanuni, navijua, kisigino cha kushoto kina msumari. Na nyuma yake vingine, ko, ko, ko, safari hii vina haraka.

Dereva akaona kioo kinang'aa mbele yangu. Akainama, akafumba jicho la kulia, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa.

"YAH," akasoma. Akasugua jicho. "Herufi zinanichezea leo. Ni barua ya pampu, eh?"

Viatu vilikuwa vimefika mlangoni.

"Nisomee, Mama," akasema, akivuta kigoda aketi karibu yangu.

Nikavaa miwani.